Laurie Garrett, kazi yake na vitabu vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Laurie Garrett ni nani?

Ni mwandishi wa habari za uchunguzi na mwandishi wa sayansi kutoka Marekani, mzaliwa wa Los Angeles, 1951. Kwa zaidi ya miaka arobaini amefuatilia jambo moja: magonjwa ya kuambukiza yanalipukia wapi, yanalipuka kwa sababu gani, na nani alikuwa na wajibu wa kuyazuia akashindwa. Alianzia redioni, akahamia gazetini, kisha akawa mtafiti wa masuala ya afya duniani. Vitabu vyake vikubwa ni vitatu: *The Coming Plague* (1994), *Betrayal of Trust* (2000) na *I Heard the Sirens Scream* (2011).

Wengi wanamjua kama mwandishi wa Ebola tu, na hapo wanampunja. Katika kurasa zake kirusi huchukua nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nafasi kubwa huenda kwa mishahara ya wauguzi, maji ya bomba, sindano zinazorudiwa, waziri anayeficha takwimu na wananchi ambao hawaamini tena wanachoambiwa na serikali yao.

Alisomea nini? Ni mwanasayansi au mwandishi?

Alisoma baiolojia Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, akahitimu kwa heshima. Kisha aliingia masomo ya udaktari wa falsafa pale Berkeley, katika bakteria na kinga ya mwili, na kufanya utafiti Stanford katika maabara ya Leonard Herzenberg. Wakati huohuo akawa anatayarisha vipindi vya sayansi katika redio ya KPFA. Redio ikamvuta kuliko maabara. Akaomba likizo ya masomo na hakurudi kuyamaliza.

Miaka hiyo ya maabara inaonekana katika kazi yake yote. Daktari anapomwambia kwamba kipimo kimetoa majibu hasi, Garrett anajua kuuliza kipimo kipi, sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa, na ilihifadhiwa vipi ikiwa njiani. Ripota asiye na msingi huo huandika "majibu ni hasi" na kufunga daftari.

Alipitia vyombo gani vya habari?

Baada ya KPFA alifanya kazi kwa muda mfupi katika idara ya kilimo na chakula ya jimbo la California, akitathmini madhara ya viuatilifu kwa afya ya binadamu. Mwaka 1979 alitoka kwenda kuandika kama mwandishi wa kujitegemea kusini mwa Ulaya na Afrika kusini mwa Sahara. Toka 1980 hadi 1988 alikuwa NPR, redio ya umma ya Marekani, kisha akaingia gazeti la *Newsday* la Long Island, New York. Mwaka 2004 alihamia Council on Foreign Relations, taasisi ya sera za nje, akakaa huko hadi 2017. Mwaka wa masomo wa 1992/93 alikuwa Harvard, katika shule ya afya ya jamii, wakati wa maandalizi ya kitabu chake cha kwanza. Amewahi pia kuwa rais wa chama cha waandishi wa sayansi cha Marekani.

Amepata tuzo zipi?

Ndiye mwandishi wa kwanza kupata tuzo zote tatu za uandishi wa habari za Marekani zinazoanza na herufi P: Peabody, Polk na Pulitzer. Peabody ilikuja 1977, kwa vipindi vya *Science Story* alivyotayarisha pamoja na Adi Gevins wa KPFA. Pulitzer ni ya 1996, katika kundi la uandishi wa kufafanua, kwa habari alizoandika kuhusu Ebola kutoka Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Polk alipata mara mbili: kwa mfululizo wake wa *Newsday* wa 1997 juu ya kuporomoka kwa afya katika nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovieti, na kwa *Betrayal of Trust*.

Nini kilitokea Kikwit, na kwa nini jina lake linaambatana na mji huo?

Kikwit ni mji ulio takriban kilomita 500 mashariki ya Kinshasa. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alikuwa mchoma mkaa aliyefariki Januari 1995. Ugonjwa ulizunguka kimyakimya katika familia na zahanati kwa miezi mitatu. Ulichanganywa na kuhara damu, ambako nako kulikuwepo mjini wakati huo. Mwezi Aprili mtaalamu wa maabara alifanyiwa upasuaji katika Hospitali Kuu ya Kikwit. Waliomfungua tumbo hawakuwa na kinga ya kutosha, na kutoka kwenye meza hiyo ya upasuaji maambukizi yakawafikia madaktari, wauguzi na masista wa Kiitaliano waliokuwa wakihudumu hapo.

Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa ameiona Ebola ya 1976 kwa macho yake, aliitambua kwa dalili kabla maabara haijathibitisha. Sampuli zilipitia Antwerp, Ubelgiji, zikaishia Atlanta kwa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na majibu yakatoka mwezi Mei. Mwisho wa hesabu, watu 315 waliugua na takriban wanane kati ya kila kumi walifariki. Wagonjwa wapatao 80 walikuwa wahudumu wa afya, yaani robo ya wote.

Garrett alifika mjini mlipuko ukiwa bado unawaka. Waandishi wengi wa kigeni walikuja kutafuta picha za mavazi ya kinga na damu. Yeye aliuliza kwa nini hospitali kuu ya mji wa mamia ya maelfu ya watu, katika nchi yenye almasi na shaba, haikuwa na maji ya uhakika wala glavu. Jibu lilimpeleka moja kwa moja kwenye utawala wa Mobutu, rais wa Zaire: fedha za afya ziliibwa kwa miaka mingi, watumishi hawakulipwa, na wagonjwa waliambiwa wajinunulie vifaa vya matibabu. Glavu, gauni na barakoa zilipofika, familia zikafundishwa, na wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu wakaanza kuzika kwa utaratibu salama, maambukizi yalishuka kwa kasi. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 24 Agosti 1995. Haukuhitaji dawa mpya hata moja.

The Coming Plague kinahusu nini?

Ni kitabu cha zaidi ya kurasa 700, chenye sura 17 na dibaji ya Jonathan Mann, daktari aliyeanzisha mradi wa UKIMWI mjini Kinshasa kabla ya kuongoza mpango wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani. Hoja yake inapinga imani iliyotawala kuanzia miaka ya 1950, kwamba antibiotiki, chanjo na DDT, dawa ya kuua wadudu, vingemaliza magonjwa ya kuambukiza na kuacha kazi ya kushughulika na saratani na moyo peke yake.

Kinaanzia Bolivia, katika mji wa San Joaquín mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambako homa ya kutokwa damu iliua watu ovyo. Kundi la Karl Johnson liligundua kwamba kirusi, walichokiita Machupo, kilibebwa na panya. Paka wa mji walikuwa wamekufa kwa wingi, na DDT iliyopulizwa dhidi ya malaria ilishukiwa kuwaua. Paka walipotoweka, panya waliingia majumbani. Mlipuko ulikoma kwa mitego ya panya. Sura hiyo ndiyo inayokufundisha jinsi ya kusoma kitabu kizima: kila safari mwandishi anatafuta ni kitendo gani cha binadamu kilimfungulia kijidudu mlango.

Zinafuata Marburg, Lassa, Ebola ya Yambuku, homa ya mafua ya nguruwe ya 1976, ugonjwa wa Legionnaires, ambao ni nimonia ya bakteria, UKIMWI, usugu wa dawa na hantavirusi, kirusi cha panya, iliyoibuka kusini magharibi mwa Marekani mwaka 1993.

Sura ya Yambuku ndiyo nzito kuliko zote. Hospitali ya misheni ya vitanda 120, kaskazini mwa Zaire, ilitoa kila asubuhi mabomba ya sindano matano kwa ajili ya wagonjwa wa nje, wodi na kliniki ya wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kuichemsha kulifanyika jioni, tena mara nyingine tu. Watu 318 waliugua na 280 walikufa. Kati ya wale waliojulikana kuambukizwa kwa sindano hakupona hata mmoja. Watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali walifariki, na hospitali ilipofungwa mwishoni mwa Septemba 1976 mlipuko ulianza kufifia. Masista wa misheni hiyo walikuwa wakitoa huduma kwa moyo kwa maelfu ya watu kila mwezi. Waliendesha hospitali isiyokuwa na daktari, na hawakuwa na vifaa vya kutosha.

Kinaigusa Afrika Mashariki mahali gani?

Pengi. Kirusi cha Marburg kilipewa jina la mji wa Ujerumani ambako wafanyakazi wa maabara waliugua mwaka 1967, lakini tumbili waliokileta walisafirishwa kutoka Uganda. Wagonjwa walikuwa 31, na saba wakafa, Marburg, Frankfurt na Belgrade. Kuna pia sura yenye jina la mji wa Nzara, katika Sudan Kusini ya leo, ambako Ebola ya aina nyingine ilizuka 1976 hiyohiyo.

Sura ya 11, yenye jina la Kiswahili *Hatari: Vinidogodogo*, ni ya chimbuko la UKIMWI. Ni lazima kwa msomaji yeyote wa Kagera, Rakai au Bujumbura, kwa kuwa inachukua miaka ile ya mwanzo, magharibi ya Ziwa Victoria, wakati ugonjwa ulikuwa haujapata jina la kitabibu na watu wa Kagera wakiuita Juliana. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Vita vya Kagera, biashara ya magendo, malori na umaskini vimewekwa ndani ya maelezo ya ugonjwa wenyewe, badala ya kutajwa pembeni kama mandhari.

Betrayal of Trust kinatofautiana vipi na cha kwanza?

Cha kwanza kinauliza vijidudu vinatoka wapi. Hiki kinauliza nani alitakiwa kuwa zamu. Kina sehemu tano kubwa: tauni ya Surat, India, 1994, Ebola ya Kikwit, kuporomoka kwa afya katika nchi za Kisovieti, hali ya afya ya umma Marekani kwenyewe, na tishio la silaha za kibaiolojia.

Sehemu ya Urusi inastahili kusomwa polepole. Dondakoo, ugonjwa ambao chanjo ilikuwa imekwisha kuudhibiti, ulirudi katika miaka ya 1990 na kupata watu zaidi ya 150,000 katika nchi zilizokuwa za Kisovieti. Kifua kikuu sugu kilistawi magerezani, kwa sababu wafungwa walitibiwa nusu nusu: dawa zikiwepo wanakunywa, zikiisha wanaacha, kisha wanaachiwa huru na kurudi vijijini na vimelea vilivyokwisha kuzoea dawa. Umri wa kuishi wa wanaume wa Urusi ulishuka kutoka miaka 64 hivi mwaka 1990 hadi chini ya 58 mwaka 1994. Takwimu ya namna hiyo katika nchi isiyo vitani ilikuwa jambo geni kabisa.

Sehemu ya Marekani ni jibu kwa wanaodhani Garrett huja Afrika na Asia kuonyesha vidole. New York ilipunguza fedha za kliniki za kifua kikuu, na mwaka 1992 ikahesabu wagonjwa 3,811 kwa mwaka mmoja. Kuwarudisha kwenye tiba kulihitaji wahudumu wa kumtazama kila mgonjwa akimeza dawa yake, na kuligharimu fedha nyingi mno kuliko zile zilizookolewa.

Na I Heard the Sirens Scream?

Kinashughulikia Marekani baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 na barua za kimeta zilizofuata. Barua hizo ziliwapata watu 22, watano walifariki. Mwandishi aliishi New York, na anafuatilia pia vumbi la majengo yaliyoanguka, moto ulioendelea kufuka kwa miezi, na kauli za mapema za serikali kwamba hewa ilikuwa salama. Ni kitabu alichokichapisha mwenyewe, kwa njia ya kielektroniki kwanza, na kinaonyesha hivyo: ni kirefu, kimejaa kumbukumbu za siku kwa siku, na mhariri mkali angekipunguza. Kisome baada ya vile viwili.

Nimeona Ebola: Story of an Outbreak. Ni kitabu kingine?

Hapana. Ni sehemu ya Kikwit kutoka *Betrayal of Trust*, iliyotolewa peke yake mwaka 2014 wakati Ebola ikiwaka Afrika Magharibi. Kama unacho kitabu kizima, usikinunue. Kama huna muda wala fedha ya kitabu kizima, ni mlango mzuri wa kuingilia.

Nianze na kipi?

Anza na sehemu ya Kikwit katika *Betrayal of Trust*. Ni ndefu lakini inashika. Kisha chukua *The Coming Plague* na usome sura ya 1, 5, 7, 11 na 13 kwa mpangilio huo. Ukimaliza hizo utajua kama unataka kitabu kizima. Ukisoma kurasa 20 kwa siku, kila kimoja kinachukua wiki tano hadi sita.

Kinachowakwamisha wasomaji wengi ni kuanza ukurasa wa kwanza na kujilazimisha kumaliza. Sura ya uhandisi wa jeni na saratani katika *The Coming Plague* inachosha msomaji asiye na baiolojia, na kuiruka hakuvunji mtiririko. Usiziruke tanbihi. Zimejaa mahojiano, ripoti na makala za kitabibu, na kwa mwandishi wa habari hizo ndizo darasa lenyewe: unaona kila dai kubwa limesimama juu ya nini.

Ni yapi yamepitwa na wakati?

Chimbuko la VVU ndilo kubwa. Mwaka 1994 halikuwa limejulikana, na sura ya 11 inapima nadharia kadhaa. Tangu 1999 ushahidi wa vinasaba umeelekeza kwa sokwe wa Afrika ya kati magharibi, na tafiti za baadaye zikaonyesha kuwa ni wa kusini mashariki mwa Kameruni, na kwamba kirusi kilisambaa kupitia Kinshasa, wakati huo Léopoldville, miongo mingi kabla ya UKIMWI kutambuliwa mwaka 1981. Soma sura hiyo kama kumbukumbu ya namna watu walivyoishi na ugonjwa, na majibu ya chimbuko uyatafute kwingine.

Dawa za kufubaza VVU kwa mchanganyiko zilikuja 1996, kwa hiyo kukata tamaa unakokuta katika kitabu cha kwanza ni kwa wakati wake. Popo kama wabebaji wanaoshukiwa wa Ebola walianza kupata ushahidi mwaka 2005. Chanjo ya Ebola aina ya Zaire iliidhinishwa 2019. Kanuni za Afya za Kimataifa zilizorekebishwa 2005 zilianza kutumika 2007, hivyo maelezo yake ya jinsi nchi zinavyoripoti milipuko ni ya mfumo wa zamani.

Usugu wa dawa haujapitwa hata kidogo. Sura ya 13 ingeweza kuchapwa leo na kubadilishwa majina ya antibiotiki tu.

Wanaosema anatia watu hofu wana haki?

Kwa sehemu. Jina la *The Coming Plague* lenyewe linatisha, na msomaji anayepita juu juu anaweza kuondoka na picha ya misitu ya Afrika kama ghala la vifo. Lilitoka kipindi ambacho filamu na vitabu vya virusi viliuza sana kwa kutia hofu, na likawekwa fungu moja navyo.

Lakini hofu anayoitia ina anwani. Hakwambii uogope msitu. Anakuonyesha bajeti iliyokatwa, maabara iliyofungwa na mkurugenzi aliyekaa na ripoti mezani wiki tatu. Katika insha zake za jarida la *Foreign Affairs*, hasa ya 2007 kuhusu changamoto za afya duniani, aliwakosoa hata wafadhili: fedha nyingi zilimiminwa kwenye ugonjwa mmoja mmoja, zikavuta wauguzi kutoka hospitali za kawaida kwenda kwenye miradi, na wodi za wazazi zikabaki bila watu. Yeyote aliyefanya kazi katika hospitali ya wilaya miaka ile anaijua hali hiyo.

Kwa nini aliondoka Newsday?

Alikuwa likizo ya kazi alipoamua kutorudi, mwanzoni mwa 2005. Waraka wake wa kuwaaga wenzake ulisambaa sana: aliishutumu kampuni ya Tribune, iliyokuwa imelichukua gazeti mwaka 2000, kwa kuweka faida ya wanahisa mbele ya uandishi. Habari za uchunguzi zinahitaji miezi, nauli na mhariri anayevumilia. Gazeti linalopunguza watu kila robo mwaka haliwezi kuzitoa.

Ni kweli alihusika na filamu ya Contagion?

Ndiyo, alikuwa mmoja wa washauri wa filamu hiyo ya 2011.

Hoja yake kuhusu imani ya wananchi imewahi kupimwa tena?

Hoja hiyo, kwamba afya ya umma husimama juu ya imani ya wananchi kwa serikali yao, imepimwa, na katika eneo la wasemaji wa Kiswahili. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ilitangazwa 1 Agosti 2018 na kwisha 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Safari hii kulikuwa na kila ambacho Kikwit ilikosa. Chanjo ilikuwepo na ilidungwa kwa watu zaidi ya 300,000, dawa zilijaribiwa hapohapo, fedha zilikuwepo. Bado mlipuko ulichukua karibu miaka miwili.

Watu wa miji ya Beni na Butembo walikuwa wamechinjwa na makundi yenye silaha kwa miaka bila msaada wa kutosha kufika. Ilipokuja Ebola, magari yalifika kwa misururu. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha upigaji kura Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama kuwa sababu, na rais mpya akaapishwa bila kura zao. Baada ya hapo, kumwambia mtu wa Butembo kwamba Ebola haina siasa ilikuwa kazi bure. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, akauawa akiwa kazini Butembo. Ndiyo hali ambayo *Betrayal of Trust* kilikuwa kimeieleza miaka 18 kabla.

Mwandishi wa habari wa Kiswahili afuate njia yake vipi?

Anza na ghala la dawa kabla ya wodi. Katika zahanati au hospitali omba kuona leja: glavu ziliingia lini, ngapi, zikaisha lini. Linganisha na idadi ya wagonjwa wa mwezi huo katika rejesta. Hesabu hiyo rahisi inasema mengi kuliko mahojiano matatu na mganga mkuu, na haimwingizi mtumishi wa ngazi ya chini matatani kwa kuwa hakuna aliyenukuliwa.

Kisha chora ratiba ya mlipuko, siku kwa siku: mgonjwa wa kwanza kuugua, kufika hospitali, sampuli kuchukuliwa, sampuli kufika maabara, majibu, tangazo kwa umma. Habari huwa imejificha kwenye pengo refu kuliko yote. Kikwit pengo lilikuwa kati ya Januari na Mei. Ukishalipata, tafuta nani alikuwa na karatasi mezani katika siku hizo.

Zungumza na wanaooga maiti, wafagizi wa wodi, madereva wa gari la wagonjwa na wachimba makaburi. Wanaona mabadiliko kabla ya takwimu. Rudi miezi sita baada ya mlipuko kwisha, wakati waandishi wengine wamekwisha kuondoka. Hapo manusura na wajane wanasema waliyoyaogopa kuyasema, na hapo ndipo utajua kama vifaa vilivyoahidiwa vilifika.

Makosa ya takwimu ndiyo yanayoua habari nzuri. Usijumlishe wanaoshukiwa na waliothibitishwa bila kusema. Mfano: Marburg ya Kagera, Machi 2023, ilikuwa na wagonjwa tisa, wanane wakiwa wamethibitishwa na maabara na mmoja akihesabiwa kwa dalili na mahusiano yake na wengine, waliofariki ni sita. Anayeandika "tisa wamethibitishwa" amekosea, na mkanusho wa wizara utaiangusha habari yote. Pia usigawanye vifo kwa wagonjwa katikati ya mlipuko na kukiita kiwango cha vifo, kwa sababu waliolazwa leo hawajajulikana mwisho wao. Kiwango kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. Mlipuko wa Ebola au Marburg hutangazwa kwisha siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho kupimwa mara mbili akaonekana hana kirusi, au kuzikwa salama. Hizo ni mara mbili ya siku 21, muda mrefu zaidi ambao ugonjwa huchukua kujitokeza baada ya mtu kuambukizwa. Marburg ya Kagera ilifungwa hivyo tarehe 2 Juni 2023.

Jina la mgonjwa wa kwanza liache. Familia yake itaishi kijijini hapo miaka mingi baada ya gazeti kutupwa.

Na usalama wa ripota mwenyewe?

Usishike mtu, kiti wala ukuta wa kituo cha matibabu. Fanya mahojiano kwa umbali wa mita mbili, nje, penye hewa. Usiingie eneo la wagonjwa hata ukipewa mavazi, maana hatari kubwa iko wakati wa kuyavua, na kuvua kunahitaji mafunzo na mtu wa kukusimamia hatua kwa hatua. Kinasa sauti kisipokezwe mkono kwa mkono; kiweke kwenye mfuko wa plastiki unaoweza kupanguswa.

Klorini ina viwango viwili na watu huvichanganya. Ya asilimia 0.5 ni ya viatu, sakafu na vifaa: sehemu moja ya dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa sehemu tisa za maji. Ya asilimia 0.05 ni ya mikono: sehemu moja ya ile ya kwanza kwa sehemu tisa za maji. Ukiosha mikono kwa ile kali ngozi inachubuka, na ngozi iliyochubuka ni njia ya kirusi. Changanya upya kila siku, kwani klorini hupungua nguvu, hasa ikiachwa wazi au juani.

Ukirudi, pima joto la mwili asubuhi na jioni kwa siku 21 na uliandike. Likipanda, kaa ulipo, piga simu kwa namba ya dharura ya afya ya nchi yako, na usipande bodaboda wala daladala kwenda hospitali kabla hawajakuelekeza.